Baiskeli iliyoachwa chini ya mti



Katika milima ya Alpi huko Ulaya, miezi ya Aprili na Mei, mabonde huwa yamekwisha kuota majani huku vileleni theluji ingali nene. Anayetegemea skii peke yake, zile mbao ndefu za kutelezea, hutembea mwendo mrefu kwenye ardhi kavu akiwa amezibeba. Anayetegemea baiskeli peke yake hukwama theluji inapoanza. Basi wapo wanaochukua vyote viwili. Alfajiri hupanda kwa baiskeli, skii zimefungwa mgongoni. Wakifika penye theluji huiacha baiskeli chini ya mti, hubandika chini ya skii utepe wenye manyoya unaozizuia zisirudi nyuma, kisha huendelea kupanda. Hushuka mapema, maana theluji iliyoganda usiku hulainishwa na jua na yaweza kuporomoka. Mwishowe huichukua baiskeli na kurudi nyumbani.

Mhubiri, katika sura ya 3, anatufundisha kwamba kila jambo lina wakati wake. Maparokiani mwetu somo hili tunalijua nusu. Tunamlaumu mwenyekiti wa jumuiya ambaye muda wake umekwisha lakini hataki kushuka. Ni kweli anakosea: anasukuma baiskeli ndani ya theluji, na walio nyuma yake wanakwama pamoja naye.

Lakini kosa la pili hatulisemi. Uchaguzi ukishapita, aliyetumikia miaka kumi hatuulizi tena habari zake. Katekista mzee aliyetuandaa kwa Komunyo ya kwanza anaugua, na hakuna anayebisha hodi. Baiskeli tumeiacha chini ya mti, tukasahau kwamba ndiyo iliyotufikisha kwenye theluji, na kwamba jioni tutaihitaji.

Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, kijana wa Torino aliyefariki mwaka 1925 akiwa na miaka 24, aliipenda sana milima hiyo na kuteleza kwenye theluji yake. Hata hivyo, njia ya kwenda kwa wagonjwa na maskini wa mji wake hakuisahau.

Wewe ambaye zamu yako imekwisha, shuka kwa amani, hujatupwa. Nawe uliyepokea zamu, leo baada ya Misa pita nyumbani kwa aliyekutangulia. Keti naye, mshukuru, mwulize njia.

Jumapili njema.