Ile mikro haikuwa ya kujionesha

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita tulizungumzia kazi za wazazi wetu, na kuna mahali nilicheka ambapo sikupaswa kucheka. Mliosikiliza mnakumbuka. Mwenzangu alisema baba wa Kikongo akishapewa redio ya ulinzi na kile kipaza sauti cha kubana begani, basi, ameshakuwa jenerali, anatembea Warwick kama yuko kwenye filamu. Nikacheka. Alafu nikaongeza yangu: kwamba baba alikuwa akirudi nyumbani, redio ameshaivua, lakini mkono bado unapapasa bega kutafuta kitufe kabla hajamjibu mama. Tukavunjika mbavu wote.

Jumapili baba akanipigia. Anasikilizaga kila kipindi, hata vile vya mapenzi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, ile mikro haikukuwa ya kujionesha. Niliiuza na franga zangu."

Nilipomsimulia mwenzangu, ambaye wazazi wake ni wa Tanga, akauliza: kama aliiuza, si alishapata hela yake? Nikalazimika kumfafanulia kwamba kwetu, Uvira na Bukavu, *kuuza* ndio kununua, na ukitaka kusema kuuza unasema *kuuzisha*. Kwa hiyo baba alikuwa anasema aliinunua. Kwa pesa zake. Kifaa cha kazi ya mtu mwingine.

Hapo ndipo niliponyamaza. Miaka yote hiyo nilidhani alipewa.

Kwa mliokulia mbali na Durban, niwaeleze kidogo Warwick Junction kulivyo. Ni pale mjini unapoingilia, chini na juu ya madaraja ya barabara kuu, penye Berea Station, mabasi, na teksi za hapa ambazo nyinyi mngeziita matatu au daladala. Watu zaidi ya 400,000 wanapita pale kwa siku. Kuna Early Morning Market iliyokuwepo tangu 1910, kuna soko la dawa za asili juu ya daraja ambalo halikumaliziwa, kuna akina mama wanaochemsha mahindi, kuna wanaopika nyama ya vichwa vya ng'ombe. Kila teksi inapiga honi, kila mhubiri ana spika yake, na muuza CD ana spika kubwa kuliko ya mhubiri.

Sasa chukua redio ya mawasiliano, ifunge kiunoni, simama katikati ya hayo makelele saa kumi na moja jioni. Hutasikia kitu. Ndivyo baba alivyofanya kazi mwanzoni. Aliajiriwa sekirite kwenye jengo moja la maduka upande wa Berea Station, akapewa redio peke yake. Kipaza sauti cha begani kilikuwa cha supavaiza tu. Ili asikie, ilibidi aitoe redio kiunoni na kuishikilia sikioni kama simu. Mkono mmoja umekwenda. Mlinzi wa Warwick mwenye mkono mmoja ni mlinzi nusu, na kila kijana mwenye nia mbaya anamwona kutoka ng'ambo ya barabara kwamba yuko bize. Siku moja aliitwa mara tatu hakusikia, akapewa barua ya onyo. Mwezi uliofuata akaenda dukani akainunua mikro. Neno ni lake, Kifaransa cha shule. Alikuwa mwalimu kabla ya vita vya 1996 kututoa Uvira.

Nataka niseme wazi kile kifaa kinafanya nini, maana tulikifanyia mzaha bila kukijua. Redio inabaki kwenye mkanda. Waya uliosokotwa kama wa simu za zamani unapanda mpaka kifuani, na mwisho wake kuna kiboksi chenye spika, kipaza sauti na kitufe cha pembeni. Unakibana juu, karibu na mfupa wa bega, ili spika iwe chini ya sikio. Ukiitwa unasikia bila kugusa chochote. Ukitaka kujibu unageuza kichwa, unafinya, unasubiri kama sekunde moja, ndio unaongea. Usiposubiri, neno la kwanza linakatika, na neno la kwanza mara nyingi ndio jina la mahali ulipo. Usiweke mdomo juu yake. Acha nafasi ya vidole vitatu, ongea kwa sauti ya kawaida. Ukipiga kelele maneno yanapasuka, wa upande wa pili anasikia mkwaruzo tu. Waya unapitishwa nyuma ya mkono au chini ya koti, kwa sababu waya unaoning'inia mbele ni mpini wa mtu kukuvuta nao.

Na ukimaliza, achia kitufe. Wakati mmoja mkanda wa begi la baba ulikikandamiza kitufe bila yeye kujua, na kwa kuwa kwenye hizi redio akiongea mmoja wengine wote wanafungiwa, walinzi wa njia nzima ile walilazimika kumsikiliza akibishana bei ya lengalenga na mama mmoja wa sokoni. Mpaka leo kuna Wazulu fulani wanamwita Lengalenga.

Baadaye kampuni iligawa mikro kwa wote. Nzuri. Ila siku moja baba aliamulia ugomvi mlangoni, mtu akaushika ule waya, ukang'oka. Mwisho wa mwezi amekatwa. Mwezi uliofuata amekatwa tena. Nimeziona slipu, ziko kwenye faili lake la bluu pamoja na vyeti vyangu vya chanjo. Kwa hiyo amekilipia kifaa hiki mara mbili: cha kwanza kwa sababu hawakumpa, cha pili kwa sababu alifanya kazi waliyomwajiri kufanya.

Mtauliza kwa nini hakulalamika. Nami nilimuuliza. Alicheka.

Sheria ya ulinzi binafsi ya hapa, ya mwaka 2001, inataka mlinzi awe raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Mkimbizi hayumo. Wakimbizi, pamoja na chama cha akina mama kiitwacho Union of Refugee Women, walipeleka kesi mpaka Mahakama ya Katiba, na Desemba 2006 majaji wengi wakasema sharti hilo linabaki, ila mkimbizi anaweza kuomba kibali maalumu cha kusamehewa. Majaji wengine hawakukubali, wakasema huo ni ubaguzi usio wa haki. Lakini wengi ndio wengi. Baba na wenzake walikuwa wamechunga magari ya watu kwenye maegesho kwa miaka wakiishi kwa sarafu za dirishani, na sasa kazi yao ilining'inia kwenye kikaratasi cha "tumekusamehe". Mtu wa namna hiyo hagombani na mhasibu kwa ajili ya waya.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo lililofanya nisilale vizuri Jumapili.

Mikro ya begani ni spika. Inachosema anakisikia mlinzi, na wanakisikia wote waliosimama karibu. Kwa siku za kawaida hiyo ni faida. Akina mama wa mahindi walikuwa wanategesha sikio kwenye bega la baba, wakisikia kuna wezi wanakuja upande wao wanaingiza pochi ndani ya aproni. Lakini Aprili 2015, zile fujo zilizoanzia Isipingo zilipokuwa zinasogea mjini, na wageni wanakimbilia kwenye mahema kule Isipingo, Phoenix na Chatsworth, baba alikuwa kazini. Mnajua siku zile tuliishi vipi. Kwenye teksi mama alitufinya mapaja tusitoe neno la Kiswahili. Simu ikiita, hupokei. Baba alikuwa anatembea kimya katikati ya umati, Kizulu chake cha salamu kikimtosha, na bega lake likapasuka kwa sauti ya mwenzake wa Bukavu: "Muzee, usipite kule, batu banakuya!"

Watu wakageuka. Baba aliifunika ile spika kwa kiganja, kama mtu anayemfunika mtoto mdomo. Mama mmoja wa mahindi akamvuta nyuma ya ngoma zake za kupikia, akamwambia kaa hapa. Akakaa mpaka jioni.

Yule wa Bukavu alimwokoa, kwa sababu huko alikokuwa anaelekea kulikuwa kubaya kweli. Na nusura amuue. Kwa sentensi hiyohiyo moja.

Wiki iliyofuata baba akanunua kitu cha tatu: kisikizi cha sikio moja, kile cha bei rahisi, ukakichomeka kwenye tundu lililo chini ya mikro. Ukikichomeka, spika inanyamaza na sauti inaingia sikioni kwako peke yako. Mikro nyingi zina hilo tundu. Akina mama wa mahindi walinuna kidogo, alafu wakaelewa.

Sasa na mimi. Ni mhandisi wa ujenzi. Nikiwa saiti navaa kifaa kilekile, begani palepale, ili niongee na mtu wa kreni. Nilikabidhiwa siku ya kwanza pamoja na kofia ngumu na viatu, nikatia sahihi, basi. Cha kwanza kilidondoka kwenye zege mbichi. Nikapewa kingine bila hata kuulizwa swali. Wala haikunijia kichwani kwamba mtu anaweza kukatwa mshahara kwa hilo. Na nilikuwa binti yake, nilisoma DUT, pale hatua chache tu kutoka Warwick, na ngoja niseme na hili kwa kuwa leo nimeshaanza kusema: miaka miwili ya kwanza nilikuwa nazunguka kwa njia ndefu nisipite kwenye mlango wake nikiwa na wenzangu.

Msimamo wangu ni huu. Mlinzi yeyote anayesimama kwa miguu mahali kama Warwick apewe mikro na kisikizi, vyote viwili, kama mimi nilivyopewa kofia. Na visikatwe kwenye mshahara wake. Sheria ya afya na usalama kazini, Namba 85 ya 1993, kifungu cha 23, inamkataza mwajiri kumkata mfanyakazi kwa ajili ya kitu ambacho sheria hiyo inamtaka akitoe kwa usalama. Najua watakachosema: redio ni chombo cha kazi, sio cha usalama. Haya, mwambie hivyo mtu anayeita msaada nayo. Na hata tukikubali kwamba ni mali tu ya kampuni iliyoharibika, bado sheria ya masharti ya ajira inataka mfanyakazi awe na kosa, apewe nafasi ya kujieleza, akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara wa fedha taslimu. Baba hakuulizwa. Aliona kwenye slipu.

Kuna msikilizaji ameshaniandikia kwamba vitu hivi vinaibiwa, vinakwapuliwa begani, kampuni ndogo haziwezi. Vinakwapuliwa, ni kweli. Basi ni gharama ya kufanya biashara ya ulinzi mahali penye wakwapuaji, na ndiyo maana mwenye jengo analipia ulinzi. Kuisukuma gharama hiyo kwa mtu wa chini kabisa, tena mwenye kibali cha kuombaomba, ni kuchagua tu yule asiyeweza kukataa.

Sisi ndio tuliowasomea wazazi barua za Home Affairs tukiwa darasa la nne. Kusoma slipu haitushindi. Kama mzazi wako, mjomba, au yule baba mdogo anayelala sebuleni anafanya sekirite, muombe slipu za miezi sita, tafuta mstari wa makato usioeleweka, muulize ni wa nini. Muulize pia kama ana kisikizi. Usianze na hasira, anza na chai. Baba ilimchukua mpaka kikombe cha pili kulitoa lile faili la bluu.

Amekubali kuja kipindini Jumamosi. Ile mikro ya kwanza bado anayo, waya umefungwa utepe mweusi wa umeme, ataileta. Jana nilimtumia picha ya studio azoee. Akarudisha ujumbe wa sauti, anataka kujua kwenye hiyo mikro yenu kubwa mtu anafinya wapi.