Barua ya Langoni

Aghalabu mijadala yetu kuhusu UKIMWI na magereza huishia ndani ya kuta. Huulizwa iwapo wafungwa wanapimwa na iwapo wanapewa dawa za kupunguza makali ya virusi. Maswali hayo yana uzito wake. Hata hivyo, wafungwa walio wengi hutoka siku moja, nalo swali la siku hiyo halijapata wasemaji wa kutosha: dawa ya kesho yake ataipata wapi?

Mwaka 2009, Jacques Baillargeon na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafungwa 2,115 wenye virusi walioachiliwa katika jimbo la Texas, Marekani, kati ya mwaka 2004 na 2007. Walipotoka walipewa dawa za siku 10. Katika siku hizo 10, ni asilimia 5.4 tu waliochukua dawa nyingine. Hata siku 60 zilipotimia, waliozichukua walikuwa asilimia 30. Hawa walikuwa wakitibiwa gerezani! Jambo lililonigusa zaidi ni hili: waliosaidiwa kujaza fomu ya mpango wa serikali wa kugharimia dawa walielekea kuzipata mapema kuliko wenzao. Fomu ni maandishi, na maandishi ndiyo kazi yetu.

Kwetu Kenya dawa hizi hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, kwa hivyo pingamizi si fomu ya malipo. Pingamizi ni barua ya uhamisho: karatasi inayoeleza mgonjwa anameza dawa gani, alianza lini na vipimo vyake vya mwisho vilisemaje. Aliyetumikia kifungo Shimo la Tewa huenda kwao ni Lodwar. Akifika bila barua, mhudumu wa huko hana budi kuanza kuuliza upya, naye mgeni hana hamu ya kusimulia alikotoka. Akikata tamaa, virusi huanza kuongezeka tena katika muda wa wiki chache. Wa rumande yuko taabani zaidi, maana mahakama huweza kumwachilia mchana mmoja, dawa zake zikabaki alikolala.

Wapo watakaouliza kwa nini mhalifu aandaliwe ilhali raia mwema anapanga foleni. Hoja hii siikubali. Hakimu alimhukumu kifungo, hakumhukumu ugonjwa. Kifungu cha 51 cha Katiba ya mwaka 2010 kinamhifadhia mfungwa haki zake, isipokuwa zile zisizoweza kutekelezwa akiwa kizuizini. Nazo Kanuni za Nelson Mandela za mwaka 2015 zinataka matibabu ya virusi hivi yaendelee bila kukatika. Isitoshe, anayemeza dawa hadi virusi visionekane katika vipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Anayenufaika ni mwenzi huyo pia, ambaye hakushtakiwa kwa lolote.

Basi barua hiyo iandikweje? Ikiandikwa kwa Kiingereza cha vifupisho, tabibu ataielewa, lakini mwenyewe ataibeba kama mzigo wa mtu mwingine. Ikipigwa muhuri wa gereza, itamfichulia siri mbili kwa pamoja, ya ugonjwa na ya kifungo; si ajabu akiichana kabla ya kufika stendi. Naona afadhali iwe na sehemu mbili: ya tabibu, na ya mwenyewe kwa Kiswahili chepesi, itakayomwambia amebakiwa na vidonge vya siku ngapi na kituo kilicho karibu na kwao ni kipi. Itolewe kwa jina la hospitali ya umma, si la gereza. Chama chetu kinaweza kuisanifu sehemu hiyo ya Kiswahili, kwa kushauriana na matabibu, katika muhula mmoja. Kwa aliyehukumiwa, iandaliwe mwezi mmoja kabla ya kutoka. Kwa wa rumande, iandikwe siku anayoanza kupewa dawa na aende nayo kila anapopelekwa kortini, kwa sababu hakuna ajuaye ni siku gani hatarudi.