Fomu umeijaza, mbona imefika tupu?

Zamani fomu ya kuombea mtoto nafasi ya shule ilichukuliwa ofisini, ikajazwa kwa kalamu na kurudishwa. Siku hizi inatumwa WhatsApp ikiwa faili la PDF, na mzazi huijaza kwenye simu: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, namba ya cheti, kazi ya baba na ya mama. Anaituma na kupumua. Siku mbili kabla ya mwisho wa maombi anapigiwa simu: fomu imefika, lakini haina kitu.

Hapo ugomvi huanza. Mzazi ana hakika alijaza, na kwenye simu yake majibu anayaona. Karani naye anaona visanduku vitupu. Wote wawili wanasema kweli.

PDF ya kujaza ina matabaka mawili. Chini kuna karatasi yenyewe. Juu yake kuna visanduku vinavyobeba majibu, na si kila programu huvionesha sawasawa. Fomu iliyojazwa kwa Preview, programu ya kompyuta za Mac, inaweza kuonekana tupu kwa aliyeifungua kwa Adobe Reader mpaka abofye ndani ya kisanduku. Anayejazia kwenye kivinjari kama Chrome, kisha akatuma faili lile alilolipakua mwanzo, ametuma fomu tupu kweli. Majibu yake yalibaki kwenye kivinjari. Ni lazima apakue upya fomu pamoja na alichojaza.

Dawa yake ni rahisi. Ukimaliza kujaza, ukiwa katika programu ile ile, chagua kuchapisha, na pale unapoulizwa printa chagua kuhifadhi kama PDF. Majibu yanaganda kwenye karatasi, na kila kifaa kitayaonesha. Nakala ya kwanza usiifute, maana iliyoganda haisahihishiki, na tarehe za kuzaliwa ndizo watu hukosea zaidi. Kisha mtumie mtu wa nyumbani mwenye simu ya aina nyingine aifungue. Wewe una iPhone? Tafuta mwenye Android. Kama yeye anaona majibu, tuma.

Fomu moja tu ndiyo kaidi. Wazazi wenye watoto wanaoomba kusoma Kanada huenda wameiona: baadhi ya fomu za uhamiaji za huko, zikifunguliwa kwenye simu, hutoa ukurasa mmoja wa Kiingereza unaoomba usubiri. Usisubiri, hata ukikesha hakuna kitakachofunguka. Zimetengenezwa kwa mtindo uitwao XFA, ambao toleo la PDF 2.0 la mwaka 2017 liliuhesabu kuwa umepitwa na wakati, lakini bado zinatumika. Pakua faili, nenda kwenye kompyuta yenye Adobe Reader, ambayo ni ya bure, ulifungulie humo na si ndani ya kivinjari. Hizi usizigandishe, zina kitufe cha kuhakiki majibu, kibofye kisha uhifadhi fomu ilivyo.

Kama kompyuta hiyo ni ya steshenari, usiondoke kabla ya kufuta faili lako, na kwenye pipa la taka la kompyuta pia. Fomu ile ina jina la mtoto, siku aliyozaliwa na mahali mnapoishi.