Kiungo Kidogo, Roho 129

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndugu msomaji, wengi wetu tukisikia nyambizi ya nyuklia tunawaza kile kinu chake, kinachoiwezesha kukaa chini ya maji miezi mingi. Mimi leo nataka tumtazame fundi wa mabomba.

Nyambizi ya Marekani, Thresher, ilianza kuundwa mwaka wa 1958 katika kiwanda cha wanamaji cha Portsmouth, kule Maine. Ilianza kazi rasmi mwaka wa 1961. Kazi yenyewe? Kuwinda nyambizi za adui. Baadaye ilirudi kiwandani, ikatengenezwa kwa karibu miezi tisa. Tarehe 10 Aprili 1963 ikapiga mbizi ya majaribio katika Atlantiki. Haikuibuka tena! Watu wote 129 waliangamia, na 17 kati yao hawakuwa wanajeshi.

Wachunguzi walisema yaelekea kiungo cha bomba la maji ya bahari kilifumuka katika chumba cha injini. Maji yakaharibu umeme, kinu kikazimika, chombo kikakosa nguvu. Walipojaribu kuyafukuza maji matangini kwa hewa, unyevu uliganda ukawa barafu, ukaziba njia ya hewa.

Kuna watakaosema eti hiyo ni ajali tu. La hasha! Kule kiwandani ni baadhi tu ya viungo vilivyopimwa kwa mawimbi ya sauti, na kati ya hivyo vingine havikufikia kiwango. Ufa ulionekana, ila haukuzibwa wote.

Mwaka huo huo wa 1963 wanamaji hao walianzisha ukaguzi mkali uitwao SUBSAFE. Kila sehemu inayozuia maji sharti ikaguliwe na iandikwe. Nyambizi yao nyingine, Scorpion, ilizama mwaka wa 1968 na watu 99, lakini haikuwa na cheti hicho. Zilizo nacho, hakuna hata moja iliyopotea.

Basi wenzangu, mbona hapa shuleni tunamcheka anayetaka kusomea ufundi, kana kwamba ni kazi ya walioshindwa? Na mbona tunamnunia mwalimu akiturudishia daftari na kusema, "Rudia"? Anayesema "rudia" si adui. Laiti angesikilizwa mapema, hao 129 wangerudi nyumbani.