Kila Gurudumu Hugongwa



Katika reli iko kazi ya zamani ambayo abiria wengi hawakujua maana yake. Kabla gari moshi halijaondoka, fundi alipita kando ya mabehewa na nyundo, akigonga magurudumu na kusikiliza mlio. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hulia vibaya. Wala hakugonga yale yenye kelele tu. Aligonga yote, maana ufa mdogo hausemi neno mpaka gurudumu livunjike njiani.

Saratani ya matiti ni ufa wa namna hiyo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu karibu 6,800 walipatwa nayo hapa Kenya, na zaidi ya 3,000 wakafa. Inapoanza mara nyingi haiumi. Mama ana donge dogo, anachuma chai kama jana, basi anasema yu mzima. Siku donge litakapokuwa kidonda, jamaa watauza ng'ombe na pengine shamba, na matibabu hayatafaa sana.

Sisi wa reli wenye nyumba zetu Kapkatet twafanya kazi mbali. Wanaobaki kuchuma chai ni wake zetu, mama zetu na dada zetu, wengine katika mashamba makubwa ya Kericho, wengine katika vipande vyetu vinavyolisha kiwanda cha Kapkatet. Tukinyamaza sisi, nani atawasemea?

Wako wanaosema kupimwa ni mambo ya wenye fedha. Si kweli. Kule Mumbai, India, tangu 1998, wanawake zaidi ya 150,000 wa mitaa ya maskini waliingia katika majaribio. Nusu yao walipimwa matiti kwa mikono na wanawake waliofunzwa kazi hiyo, kila miaka miwili, mara nne. Nusu ya pili walipewa mafundisho tu. Matokeo yalitolewa 2021: kwa wenye miaka 50 na zaidi, vifo vya ugonjwa huu vilipungua karibu asilimia 30. Kwa walio wadogo zaidi havikuonekana kupungua hivyo. Basi mama zetu watu wazima, ambao hufikiri wamepita umri wa kupimwa, ndio watangulie. Mwongozo wa Serikali wa 2018 nao wataka mwanamke apigwe picha ya matiti tangu miaka 40.

Tena madonge mengi si saratani. Wengine wataitwa mara ya pili na kukutwa wazima. Hofu ya siku chache ni afadhali kuliko kuchelewa.

Lakini tusiwalaumu akina mama kabla ya kutazama mshahara. Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mfanya kazi siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, lakini yataka cheti cha daktari kwamba ni mgonjwa. Mama asiye mgonjwa atapata wapi cheti? Siku ya kupimwa kwake ni siku ya kilo sifuri. Ndiyo sababu wanakwenda wachache, tena wamechelewa.

Kwa hiyo twasema mambo mawili. Kwanza, vyama vya wafanya kazi vidai katika mkataba siku moja kila mwaka ya kupimwa kwa mshahara kamili, na zahanati za mashamba ziwe na watu waliofunzwa kupima. Pili, sisi wanaume tuache kusema haya ni mambo ya wanawake. Tutoe nauli, tukae na watoto, tumwache mama aende na jirani zake, kumi kwa pamoja, asione haya peke yake.

Wajumbe, liandikeni jambo hili katika madai ya mkutano ujao wa tawi.