NENO "INATOSHA"



Kuna neno limehamia katika karakana zetu za ziwani hapa Kisumu, nalo ni "inatosha". Nati ikikazwa nusu, inatosha. Rangi ikipakwa juu ya kutu, inatosha. Hata sisi waandishi hatukusalimika: toleo lililopita ukurasa wa tatu ulichapwa kichwa chini, tukauona, tukasema wasomaji wana shingo.

Jioni neno hili hutufuata mpaka sokoni. Juzi tulikwenda Kibuye kununua omena. Gorogoro la kupimia lilikuwa limebonyea, kitako kimepanda karibu na katikati. Tukauliza, "Mama, mbona gorogoro lako lina tumbo la ndani?" Akatujibu, "Na nyinyi, baba, si mnanawa mikono nusu saa kabla ya king'ora?" Tukalipa bila kusema zaidi. Huenda mumewe ni mwanachama.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Meli ya William Mackinnon ilishushwa majini hapa mwaka 1900, na reli haijafika bado. Ilifika Desemba 1901. Vipande vyake vilitoka Uskoti, na vingi vilibebwa na wapagazi. Hatuwasifu waliowabebesha. Lakini mpagazi mmoja angalitupa kipande njiani kwa kusema vilivyobaki vinatosha, meli ile ingalikunywa ziwa. Uhuru nayo iliunganishwa hapa, ikaingia majini mwaka 1966. Ililala zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2019 mafundi wakairudisha kazini. Nati zilizokazwa nusu zisingaliifikisha huko.

Sasa tuwaambieni yaliyotupata. Tulikwenda kwa mwajiri mmoja kudai nyongeza, tukiwa na hoja kumi na mbili zilizopigwa taipu. Bwana Meneja hakubishana nasi hata kidogo. Aliagiza iletwe pampu ya meli tuliyoitengeneza Jumatatu, ikarudishwa Jumatano, ikarudishwa tena Ijumaa. Ikawekwa mezani juu ya karatasi zetu, ikawa inadondosha mafuta juu ya hoja ya kwanza. Tukabaki tunaitazama.

Twajua mtasema mshahara nao ni wa "inatosha". Ni kweli kabisa. Glovu tulizopewa zote zilikuwa za mkono wa kushoto, na madai hayo hatuyaachi. Lakini abiria wa Mbita hakuhudhuria mazungumzo yetu na meneja, wala hakupanga mshahara wa mtu. Pampu ikikataa usiku katikati ya maji, atakayelowa ni yeye na watoto wake. Meneja atakuwa amelala Milimani.

Mkutano wa tawi ni Jumamosi, saa nne kamili. Uliopita ulianza saa sita kwa kuwa mwenye ufunguo alikuwa bado anakunywa chai, na Katibu akaandika saa nne. Safari hii ataandika saa ya kweli. Pampu ile tumeiazima, itakuwapo mezani. Aliyeikaza anajijua, aje na spana yake.