Si Kila Muwasho Ni Upele

Wandugu wafanyakazi, nanyi wamama mnaosoma ukurasa huu nyumbani, wagonjwa wengi wa ngozi wanaokuja dispanseri wanatamka neno moja tu: upele. Mtoto ana upele, baba ana upele. Mimi nasema neno hilo linatudanganya. Jina moja kwa magonjwa mengi linaleta dawa moja kwa magonjwa mengi, na dawa yenyewe ni tubu ya pomada iliyonunuliwa sokoni.

Leo tutazame ekzema, ambayo wengine huiita ukurutu. Vitabu vingi vinaandika kwamba ngozi inakuwa nyekundu. Waliviandika wakitazama ngozi ya Wazungu! Kwetu sisi mahali pale huwa peusi zaidi, au rangi ya zambarau, au kama majivu. Basi usitumie macho peke yake, pitisha mkono. Ngozi ya ekzema ni kavu, inakwaruza kama msasa, na inawasha sana.

Mama, kwa mtoto mchanga huanza mara nyingi katika miezi ya kwanza: mashavuni, kwenye paji la uso, kichwani, kisha upande wa nje wa mikono na miguu. Mahali pa kufunga nepi mara nyingi hupona. Mtoto hajui bado kujikuna vizuri. Anasugua uso kwenye kitenge chako na usiku halali. Usimwachishe ziwa. Maziwa yako hayana kosa, hata jirani akisema nini.

Mtoto akishakua, ekzema huhamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Kwa mtu mzima utaiona huko huko, tena shingoni na mikononi. Ngozi iliyokunwa muda mrefu inakuwa nene kama ngozi ya kiatu cha zamani.

Upele wenyewe ni kitu kingine. Unakaa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, unawasha zaidi usiku, na mara nyingi watu wawili watatu wa nyumba moja wanajikuna pamoja. Huo unaambukiza, na nyumba nzima inatibiwa siku moja. Ekzema haiambukizi. Ukiipaka dawa ya upele, unaichoma tu. Na ukipaka pomada kali ya kortizoni juu ya choa, muwasho unatulia siku chache huku choa kinaenea. Pomada za kung'arisha ngozi ndizo mbaya kabisa: nyingine zina kortizoni kali, nyingine zina zebaki. Kwenye ngozi ya mtoto mchanga dawa hizo zinaingia hata mwilini.

Sasa wewe mfanyakazi, nionyeshe mikono yako. Simenti, mafuta ya mashine na esansi ya kunawia mikono (tabia hiyo iachwe!) zinaharibu ngozi. Tena kobalti tunayoichimba, nikeli, na kromi iliyomo katika simenti, zinaweza kuifanya ngozi ya mtu izikatae kwa miaka yote. Kipimo chake ni rahisi: ukienda konji mikono inapona, ukirudi kazini inapasuka tena. Hapo kazi ndiyo inayosema.

Najua wengi wanaficha mikono wakiogopa kubadilishwa kazi. Nawaelewa, mkono ndio unaoleta unga nyumbani. Lakini ekzema ya kazi ikitambuliwa mapema, mara nyingi glavu zinazofaa na kubadilisha sabuni zinatosha. Iliyofichwa miaka mitatu inaweza kukataa kupona hata ukiacha kazi. Nawe kapita, mtu akikuonyesha mikono yake usimwite mvivu. Mpeleke.

Nyumbani, mwogeshe mtoto kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo isiyo na manukato. Mpake vazelini ngozi ikiwa bado na unyevu, hata mara kadhaa kwa siku. Salopeti ya kazini isiguse mtoto wala nguo zake.

Ukiona magamba ya manjano, usaha, homa, au malengelenge yenye maumivu, njoo siku ile ile. Vivyo hivyo kwa homa pamoja na tezi zilizovimba na malengelenge viganjani au kwenye nyayo, maana mpox ipo nchini mwetu.

Ukija, leta tubu uliyokwisha kutumia, hata kama imekwisha, na useme unashika nini kazini.